Meno sita ya mbele yaliyolika: shajara ya kazi ya kauri, Dodoma

Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Kazi hii naifanya na daktari mmoja wa kinywa na meno hapa mjini, na naiandika kwa ajili ya mafundi na madaktari wa mikoani walio na tanuri moja, umeme wa kubahatisha, na mgonjwa anayelipa kwa awamu. Mgonjwa ameridhia yaandikwe, bila jina wala picha. Nitaongeza kila hatua ikikamilika.

14 Septemba 2024: Tulichokikuta

Mama wa makamo, fundi cherehani, banda lake liko jirani na Soko la Majengo. Amekulia Singida kwenye maji ya kisima, kwa hiyo meno yana yale madoa ya kahawia ambayo watu wa kanda ya kati tunayajua tangu shuleni. Kilichomleta si madoa. Meno ya mbele ya juu yamelika mpaka akiongea huyaoni. Jino la kati la juu la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 10 au 11. Lake limebaki na 7. Ncha imekuwa bapa, na katikati ya ubapa huo kuna mstari wa njano: enameli, lile gamba gumu la juu, imeisha, na dentini, tabaka la chini yake, iko nje. Jino la kati la kushoto lina mfereji mdogo wenye umbo la V, umesuguliwa ukang'aa.

Nikamuuliza uzi anakata na nini. Akacheka kwa kuziba mdomo na kiganja. "Fundi mwenzangu, mkasi unapotea kila saa. Meno hayapotei."

Uzi peke yake haufanyi yote haya. Misuli ya taya imetuna, magego yana vibapa vinavyong'aa, na anasema mumewe huamka usiku kwa sauti ya kusaga meno. Halafu kuna ubuyu na ukwaju: kopo liko pembeni ya cherehani, anamumunya kutwa. Enameli huanza kuyeyuka mdomo ukiwa na asidi chini ya pH 5.5 hivi, na mtu anayemumunya kitu kichachu mchana kutwa hayapi mate nafasi ya kuirudishia nguvu. Ikilainika mchana, ikasagwa usiku, inakwisha haraka.

Alichotaka ni kimoja: "Niwekeeni yale meno ya kauri, kama ya waheshimiwa." Dodoma hii, waheshimiwa wako kila kona, na meno yao yanaonekana.

Hapa ndipo kazi nyingi za kauri huharibikia, kabla hata kauri haijaagizwa. Jino likilika taratibu haliachi uwazi. Linashuka pamoja na mfupa wake kumfuata mwenzake wa chini, na miaka inavyokwenda meno yanaendelea kukutana kama kawaida, ila mafupi. Ukitaka kurudisha milimita tatu za urefu huna pa kuziweka. Wapo wanaochonga kilichobaki, wakaua mshipa wa jino, wakaweka kofia nene juu ya kisiki. Wapo wanaoinua mdomo mzima kwa kufunika magego yote, na hiyo bei inamhusu mheshimiwa mwenyewe.

Daktari amechagua njia ya tatu: kutengeneza nafasi mbele, magego yajisogeze yenyewe. Njia hii ilielezwa mwaka 1975 na Bjørn Dahl na wenzake huko Norway. Wao walitumia kibao cha chuma cha kobalti na kromu, cha kuvaa na kuvua, nyuma ya meno ya mbele. Siku hizi tunajenga kwa kompositi, plastiki ngumu yenye rangi ya jino. Ubaya wake ni miezi. Mama aliposikia hadi miezi sita alinyamaza, kisha akauliza kama anaweza kulipia kidogo kidogo muda wote huo. Hilo ndilo lililomfanya akubali, maana mgao wa kikoba chake unatoka Desemba.

Bei tuliyokubaliana: shilingi 2,700,000 kwa meno sita, kila kitu ndani yake. Picha za eksirei na uchunguzi vimetugharimu 70,000.

5 Oktoba 2024: Nta

Nimechukua alama za meno, nikamwaga plasta, nikajenga meno mapya kwa nta juu ya plasta. Kwenye nta nikatengeneza kalibu ya silikoni, daktari akaijaza plastiki ya muda na kuibandika mdomoni bila kuchonga chochote. Kwa joto la mwezi huu silikoni inaganda kabla hujamaliza kuikanda. Niliyoiweka kwenye friji usiku ndiyo iliyofaa.

Mama akajiangalia kwenye simu. Akasema "sita", "sabasaba", "Singida". S zote zilitoka na upepo. Tukapunguza ncha za meno ya kati nusu milimita, S zikarudi. Yeye mwenyewe akaomba chonge zipungue kidogo, "nisije nikaonekana nina hasira". Alikuwa sahihi. Plasta, nta na silikoni: 110,000.

19 Oktoba 2024: Kompositi nyuma ya meno

Daktari amejenga kompositi upande wa ndani wa meno sita ya juu, kuanzia chonge hadi chonge, bila kuchonga. Sasa akifunga mdomo meno ya mbele yanagusana na magego yanabaki wazi kama milimita mbili kila upande. Ni kama meza yenye mguu mmoja mrefu, na tumeifanya hivyo makusudi: magego yasiyo na kitu cha kuuma yatapanda na kushuka polepole mpaka yakutane, na ya mbele yatarudi kidogo ndani ya mfupa.

Tumemwandikia atakayoyaona: nyama itamshinda wiki za mwanzo, makande yapikwe mpaka yalainike, ugali hauna shida, atauma ulimi mara moja au mbili. Kompositi na gundi yake: 190,000.

23 Novemba 2024: Kipande kimetoka

Amerudi na kompositi ya jino la kati la kushoto imemeguka pembeni, pale pale palipokuwa na mfereji wa uzi. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kuelekea Krismasi mafundi cherehani hawalali, na mkono ukizoea kupeleka uzi mdomoni hausikii ushauri wa daktari.

Kuziba tena ni kazi ya nusu saa. Lakini kama ukingo wa kompositi haujastahimili, ukingo wa kauri yenye unene wa nusu milimita hautastahimili pia. Kauri ni ngumu, lakini haipindi, ikizidiwa inapasuka. Kwa hiyo kipimo chetu kikawa kwamba kauri haiagizwi mpaka kompositi ikae miezi mitatu mfululizo bila kumeguka.

Suluhisho limetoka kwa mwanafunzi wake wa ushonaji. Amefunga kikata uzi kidogo kwa kamba kwenye mguu wa cherehani, urefu wa kufika mkononi tu. Hakiwezi kupotea. Mama kamwambia mwanafunzi, mbele yetu, amtoze shilingi mia tano kila akimwona anauma uzi. Sijui amekusanya ngapi, ila tangu hapo hakuna kilichomeguka.

Ubuyu umekuwa mgumu zaidi kumwachisha. Wamekubaliana na daktari aule mara moja, baada ya chakula cha mchana, asukutue kwa maji, na asipige mswaki papo hapo.

22 Machi 2025: Nafasi imepatikana

Magego yamekutana. Kipimo chetu ni ukanda mwembamba wa plastiki unaoshikwa katikati ya meno: akifunga mdomo na ukanda ukagoma kutoka, meno yanagusana. Gego la nyuma kabisa upande wa kulia bado linauachia ukanda kidogo. Daktari ameona linatosha. Mbele tuna milimita mbili na nusu ambazo Septemba hazikuwepo, na jino halijachongwa hata chembe.

Kompositi ya ndani itabaki hapo hapo. Kauri itakaa upande wa mbele wa jino tu: vinia, yaani gamba jembamba la kauri, kwa nje na kompositi kwa ndani, jino katikati. Francesca Vailati na Urs Belser wa Geneva waliieleza namna hii ya kazi mwaka 2008, na kwa mgonjwa wetu inafaa kwa sababu nyingine: upande wa ndani ukimeguka, daktari anaziba palepale kwenye kiti bila kuniagizia chochote.

Kuhusu aina ya kauri tulibishana. Mimi nilitaka zirkonia kwa sababu anasaga meno. Nyingi zina nguvu ya megapaskali 900 na kuendelea, wakati lithiamu disilikati iko kwenye 400 na ushee. Daktari akanikumbusha kwamba vinia nyembamba inaishi kwa gundi. Lithiamu disilikati ina kioo ndani yake, asidi ya haidrofloriki inakila kioo hicho na kuacha vishimo ambavyo gundi inang'ang'ania. Zirkonia haina kioo, asidi hiyo haiipati. Nikakubali.

5 Aprili 2025: Kuchonga na kuskani

Meno yamechongwa nusu milimita upande wa mbele, yote ndani ya enameli. Rangi iliyochaguliwa ni A2 kwenye kipimo cha rangi za meno cha VITA, mchana, karibu na dirisha, lipstiki imefutwa. Skana ya mdomoni tumeazima. Faili limetumwa maabara ya Dar es Salaam yenye mashine ya kusaga kauri, na vipande vinarudi kwa basi. Kila jino 150,000, kifurushi 10,000.

16 Aprili 2025: Tanuri na radi

Ambaye hajawahi kuona lithiamu disilikati ikitoka kwenye mashine asishtuke: ni ya zambarau. Hapo haijakomaa, ni laini kiasi cha kusagika bila kuvunja vichongeo. Ndani ya tanuri, kwenye nyuzi 840 hadi 850 za Selsiasi, fuwele zinajipanga upya, zambarau inaondoka na rangi ya jino inatokea. Mama alivijaribu mdomoni vikiwa hivyo hivyo ili tuhakikishe vinakaa; alipojiona kwenye kioo alitaka kuvipiga picha awatumie wanawe.

Jioni nikaanza na vinia mbili za meno ya kati. Mvua za mwisho wa msimu zilikuwa zinanyesha. Tanuri likiwa limevuka nyuzi 700, radi ikapiga, umeme ukaenda. Ulirudi baada ya dakika arobaini hivi, tanuri limeshapoa.

Nilipofungua, moja ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganyika na kijivu, nyingine ilionekana nzuri kabisa. Hiyo nzuri ndiyo hatari. Kwa macho huwezi kujua fuwele zimekamilika kiasi gani, na hakuna kipimo nilicho nacho hapa cha kunihakikishia. Ukiichoma upya hujui umechoma nini. Zote mbili nimezitupa. Hasara 300,000.

Kifaa cha kutunzia umeme cha kompyuta hakilivuti tanuri. Linakula wati 1,500 likipanda joto, na mzunguko mzima unafika karibu nusu saa. Jenereta ndogo niliyojaribu kuazima kwa jirani umeme wake unapandashuka, na kompyuta ya tanuri ikagoma kuanza. Hatimaye kliniki imenunua inveta ya kilovoltiampia 3 na betri, 2,900,000 pamoja na ufungaji. Hiyo si gharama ya mgonjwa huyu, lakini mwenye kutaka kuiga kazi hii aanze nayo. Na asichome kauri wakati wa radi hata akiwa nayo.

3 Mei 2025: Kahawia imejitokeza

Vinia nne zilizobaki nilizichoma kwa inveta, bila tatizo. Zikajaribiwa mdomoni kwa jeli ya glisarini yenye rangi ya gundi. Chonge mbili safi. Zile mbili zinazopakana na meno ya kati zilikuwa na kivuli: doa la kahawia la jino linapita kwenye kauri na kutoka nje likiwa kijivu. Kwenye taa ya kiti huoni, ukimpeleka mlangoni juani unaliona kutoka mbali.

Bloku tuliyoagiza, yaani kipande cha kauri kinachosagwa kuwa vinia, ilikuwa ya kupitisha mwanga sana, ile ambayo vitabu hupendekeza kwa vinia ili jino lionekane hai. Kwa jino jeupe ni sawa. Kwa meno ya Singida, nusu milimita ya kauri hiyo ni pazia la chandarua. Floraidi iliingia wakati enameli inajengwa utotoni, kwa hiyo doa limo ndani ya jino lenyewe, halitoki kwa kusugua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na ukanda wetu una visima vinavyovuka hapo. Fundi wa huku ataliona doa hili tena na tena, kwa hiyo naandika tulivyolirekebisha.

Daktari aliondoa tabaka la juu la doa kwa kichongeo laini, akafunika sehemu nyeusi zaidi kwa utando wa kompositi isiyopitisha mwanga, akaongeza nafasi ya kauri kutoka milimita 0.5 hadi 0.7 kwa meno manne. Tukaskani upya, na safari hii nikaagiza bloku inayopitisha mwanga kidogo. Angalau radi ilitusaidia kwa kitu kimoja: vinia za kati zilikuwa hazijaagizwa upya, vinginevyo tungezisaga mara tatu. Manne mapya, 600,000.

24 Mei 2025: Kugundisha

Yote sita yamegundishwa leo, kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Sehemu yangu ni kauri: haidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, kuosha, sileni (kimiminika kinachoifanya kauri ishikane na gundi), kukausha. Asidi hii haionyeshi maumivu mara moja ikikugusa, na inakwenda mpaka mfupani. Glovu nene, miwani, na jeli ya kalsiamu glukoneti mezani. Ukikosa jeli, usifungue chupa.

Sehemu ya daktari ilichukua muda kwa sababu ya floraidi tena. Raba damu, mpira wa kuzuia mate yasifike kwenye meno, imewekwa, jino limepakwa asidi fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 30, limeoshwa, limekaushwa. Enameli iliyokubali asidi hugeuka nyeupe isiyong'aa, kama chokaa. Tangu Michael Buonocore aonyeshe mwaka 1955 kwamba asidi inaifanya enameli ishike resini, hiyo ndiyo dalili tunayoitafuta. Hapa nusu ya jino ikawa nyeupe na nusu ikabaki inang'aa. Tabaka la nje la enameli yenye floraidi nyingi huikataa asidi. Daktari akaparuza sehemu inayong'aa kwa almasi, akarudia asidi kwa sekunde 60. Ikawa nyeupe yote. Meno matano kati ya sita yalihitaji hivyo, kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kanda hii apange muda huo mapema.

Gundi ya resini, rangi ya kawaida, taa ya bluu sekunde chache kwanza ili mabaki yaondolewe yakiwa kama jibini, kisha kila upande kikamilifu. Mabaki katikati ya meno tuliyatoa kwa uzi wa meno. Mama akaona uzi unaingia mdomoni mwake kwa ruhusa ya daktari, akacheka mpaka raba damu ikalegea, ikabidi tusubiri.

Karatasi ya rangi ikaonyesha chonge ya kushoto inapiga mapema akipeleka taya pembeni. Imepunguzwa kwenye kompositi ya ndani, kauri haikuguswa. Vifaa vya kugundishia: 260,000.

19 Julai 2025: Baada ya wiki nane

Kauri zote zipo, fizi zimetulia isipokuwa katikati ya meno mawili ya kulia ambapo kulikuwa na chembe ya gundi iliyosahaulika, imekwanguliwa. Kifaa cha usiku cha akriliki ngumu, 120,000, anakivaa. Mumewe anasema sauti bado ipo, ila sasa ni ya plastiki. Kifaa kina mikwaruzo mirefu tayari, na ndiyo kazi yake, tutakibadilisha kikitoboka.

Hesabu, kwa anayetaka kujua kama biashara hii inalipa: vipimo 70,000, plasta na nta na silikoni 110,000, kompositi 190,000, usagaji wa kauri 1,500,000, vifurushi 40,000, vifaa vya kugundishia 260,000, kifaa cha usiku 120,000. Jumla 2,290,000. Imebaki 410,000 kwa daktari na fundi tangu Septemba, inveta haimo. Bila kurudia vinia nne ingebaki milioni moja na kidogo. Kwa mgonjwa ajaye mwenye madoa, bloku ya kwanza itakuwa ile isiyopitisha mwanga sana, unene 0.7, na bei itapanda hadi 500,000 kwa jino.

Meno ya mbele ya chini nayo yamelika, kidogo. Tunaanza nayo Agosti, kwa kompositi peke yake, 60,000 kwa jino. Ameshatanguliza ya mawili, na amemleta dada yake naye atazamwe.